Tafuta Miaka Iliyorukwa

Nikifungua wasifu wa mtu kwenye Wikipedia, sianzi kwa kuusoma. Nashuka kwanza mpaka chini kwenye tanbihi, yaani orodha ya vyanzo, nione zipo ngapi na zimetoka wapi. Kisha nafungua historia ya ukurasa, nijue nani aliandika nini na lini, na nani alikuja baadaye akakifuta. Nikitoka huko napitia ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri hubishana kuhusu makala. Makala yenyewe naiweka mwisho. Rafiki zangu hunicheka, wanasema nafanana na yule mnunuzi wa soko la samaki la Feri anayefunua matamvua ya samaki kabla hajauliza bei. Sibishi.

Kazi inayonilisha ni uhariri wa vitabu. Wikipedia ya Kiswahili naihariri kwa kujitolea, usiku, umeme ukiwepo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Haya yaliyoandikwa humu ni ya kweli?" Ni swali halali, ila halijibiki kwa ukurasa mzima. Wasifu mmoja unaweza kubeba madai mia. Tisini na tano yakawa sahihi, matano yakawa uzushi, na kwa macho matupu huwezi kuyatenga kwa sababu yote yameandikwa kwa sauti ileile tulivu ya kamusi elezo. Kwa hiyo mimi hujiuliza swali jingine: kama dai hili ni uongo, ningegunduaje? Ukurasa mzuri unakupa njia ya kwenda kulikagua. Ukurasa mbaya unakutaka uamini tu, hata kama kila ulichoambiwa ni kweli.

Na tanbihi peke yake haitoshi. Februari 2009 Ujerumani ilipata waziri mpya wa uchumi, Karl-Theodor zu Guttenberg, mtoto wa ukoo wa kale wa makabaila, mwenye msururu wa majina ya kwanza ambao ungeweza kujaza mstari mzima wa gazeti. Siku zilezile za uteuzi, mtu asiyejitambulisha aliingia kwenye makala yake ya Wikipedia ya Kijerumani akachomeka jina moja la ziada katikati: Wilhelm. Waandishi wa habari, wenye haraka zao, wakanakili. Gazeti la Bild likayachapa majina yote ukurasa wa mbele, Wilhelm akiwemo, na wengine wakafuata. Wahariri wa Wikipedia walipouliza Wilhelm katoka wapi, jibu likawa rahisi: si yumo magazetini? Uongo ukawa umejizalia ushahidi wake wenyewe. Aliyefanya mchezo huo ndiye aliyejitokeza baadaye kuusimulia, bila kutaja jina lake.

Tangu nilipokisoma kisa hicho nalinganisha tarehe mbili: siku dai lilipoingia kwenye ukurasa, ambayo historia inaionyesha mpaka dakika, na siku chanzo chake kilipochapishwa. Chanzo kikiwa na umri mdogo kuliko dai, kuna jambo. Kwetu mzunguko huu ni mwepesi kuliko wa Wajerumani. Mtu mashuhuri akifariki leo jioni, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku wasifu wake umeshanakiliwa kwenye blogu kumi, zote zikiwa na kosa moja, na kesho yake blogu hizo ndizo zinazowekwa kwenye tanbihi.

Kisa kingine ambacho wahariri wote wa kale wanakijua ni cha John Seigenthaler, mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy. Mei 2005 mtu mmoja aliyetaka kumtania mfanyakazi mwenzake aliandika wasifu mfupi wa Seigenthaler, akidai kwamba aliwahi kudhaniwa kuhusika na mauaji ya ndugu wawili wa ukoo wa Kennedy, John na Robert, na kwamba aliishi Umoja wa Kisovyeti kuanzia 1971 hadi 1984. Uzushi mtupu. Ulikaa miezi minne na zaidi pasipo mtu kuugusa, mpaka mwenyewe akaambiwa, na Novemba mwaka huo akaandika kwa uchungu kwenye USA Today. Baada ya hapo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojiandikisha kuanzisha kurasa mpya, na kanuni kuhusu wasifu wa watu walio hai zikakazwa.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni kwamba dalili zote zilikuwepo. Chanzo hata kimoja hakikuwekwa. Historia ilionyesha mwandishi mmoja asiye na jina na karibu hakuna mtu mwingine aliyepita. Wasifu ambao umeandikwa na mkono mmoja na haujawahi kubishiwa na mtu unanitia wasiwasi kuliko ule wenye majadiliano marefu na matusi mawili matatu ndani yake. Penye ubishi, angalau watu walikuwa wanasoma.

Wikipedia ya Kiingereza ina ngazi zake za ubora, kuanzia mbegu, yaani makala fupi ambayo haijakamilika, mpaka makala teule, na ngazi za juu hutolewa baada ya wahariri wengine kuikagua makala mstari kwa mstari. Ngazi hizo zina maana, nami huziangalia, ila zinapima makala kwa siku ile iliyopimwa. Kwetu kinachoonekana sana ni lile tangazo la mwishoni kwamba makala hii bado ni mbegu. Watu hulichukulia kama aibu. Mimi naona mbegu ya mistari sita yenye vyanzo viwili vinavyofunguka inanifaa kuliko kurasa tatu za sifa. Wapo pia wanaopenda kutaja ule uchunguzi wa jarida la Nature wa Desemba 2005, uliolinganisha makala za Wikipedia na za Britannica na kukuta makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia na matatu kwa ya Britannica. Wanasahau kwamba zile makala 42 zilikuwa za sayansi. Wasifu wa mtu ni mnyama mwingine. Kanuni ya fizikia haina wajukuu wanaotaka iandikwe vizuri.

Basi nikishamaliza tanbihi na historia, ndipo nasoma, na nikisoma natafuta kitu kimoja: miaka iliyorukwa.

Chukua Bibi Titi Mohamed. Nusu ya kwanza ya maisha yake kila Mtanzania anaijua, au anadhani anaijua. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipoanzishwa mwaka 1954 alijiunga mapema sana. Kwa maelezo yake mwenyewe kadi yake ilikuwa namba 16. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea Tanganyika na kuuliza wanawake wa chama hiki wako wapi, Titi ndiye aliyesogezwa mbele, akawa kiongozi wa wanawake wa TANU. Alipita kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama wa mjini, ambako jina lake lilikuwa limeshatangulia, akawaingiza chamani wakiwa vikundi vizima. UWT, yaani umoja wa wanawake, ilipoundwa mwaka 1962 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Akawa mbunge, akawa naibu waziri.

Nusu ya pili ndiyo mtihani. Mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaja na masharti ya uongozi, likiwemo lile la kutomiliki nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo na hakulikubali sharti hilo. Oktoba 1969 alikamatwa, pamoja na Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, na maofisa wa jeshi, kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje na aliyetajwa kuwa kinara, alikuwa London. Kesi ya uhaini ilisikilizwa mwaka 1970, na shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere akamwachia kwa msamaha. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Leo katikati ya Dar es Salaam kuna barabara yenye jina lake, na wanaokwama kwenye foleni pale ni wengi kuliko wanaojua kwamba aliwahi kufungwa.

Mwandishi wa wasifu anafanya nini na miaka hiyo kuanzia 1965 hadi 1972? Nimeona njia tatu, siyo kwa Bibi Titi tu bali kwa wanasiasa wengi wa kizazi chake. Ya kwanza ni kuruka. Aya moja inaishia uhuru na UWT, inayofuata inaanza na mazishi. Hii huandikwa kwa heshima, na naielewa: marehemu hasemwi. Lakini msomaji wa miaka kumi na saba anayeandaa insha ya historia anatoka pale akiwa hajui kwamba taifa lake changa liliwahi kuwafikisha waasisi wake mahakamani. Njia ya pili ni mstari mmoja wa kupita: "baadaye alipata matatizo ya kisiasa, kisha akasamehewa." Matatizo gani, mwaka gani, mahakama gani? Mstari wa namna hiyo una hatari kuliko kimya, kwa sababu unamfanya msomaji aamini kwamba ameambiwa.

Njia ya tatu ni kuandika kilichoshtakiwa, nani alitoa ushahidi, mshtakiwa alisema nini, mahakama iliamua nini, na aliachiwa kwa utaratibu upi. Hapo kila neno lina uzito wake. Msamaha wa rais haufuti hatia, unafuta adhabu. Wasifu ukisema "alionekana hana hatia" umekosea. Ukisema "msaliti aliyesamehewa" umechukua upande, tena kwa jambo ambalo wanahistoria hawajaacha kulijadili. Kuna wanaotaka awe malaika na kuna wanaotaka awe mhaini, na wote wawili wana akaunti za Wikipedia. Kutokuwa na upande hapa ni kazi ya kuchosha. Ni kuandika sentensi ambayo kila upande utaisoma na kununa kidogo, lakini usipate cha kufuta.

Nikiendelea na mama huyuhuyu, ipo namba inayotajwa sana: kwamba ndani ya miezi michache ya mwaka 1955 wanawake 5,000 walijiunga na TANU kwa juhudi zake na wenzake. Inawezekana kabisa. Ila namba kamili kiasi hicho, iliyotoka kwenye harakati za siasa, inataka mwenyewe. Nani alihesabu? Ukurasa mzuri utakuambia inatoka kwa nani, halafu utakuacha uipime. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kutoka kinywani mwa Bibi Titi imetokana na mahojiano ya mwanahistoria Susan Geiger, yaliyozaa kitabu kuhusu wanawake wa TANU mwaka 1997. Ni chanzo cha thamani, nami simjui mhariri makini anayekidharau. Pamoja na hayo, ni kumbukumbu za mtu aliyepita mengi, akisimulia baada ya miaka thelathini. Hivyo naangalia kama makala inasema "alieleza kwamba" mahali panapostahili, au imegeuza kumbukumbu zote kuwa matukio yaliyothibitishwa. Gazeti la Uhuru nalo ni chanzo, lakini lilikuwa gazeti la chama tawala. Kwa tarehe linafaa, kwa nia za walioshtakiwa nasita.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hapa ndipo ubora unapoonekana. Kuandika kwamba mtu alizaliwa, akasoma, akaoa na akapewa nishani, hata aliyelala anaweza.

Au pengine hata kuzaliwa si rahisi. Mwimbaji wa taarab Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alifariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013. Siku ya kifo inajulikana mpaka saa. Siku ya kuzaliwa haijulikani, na mwenyewe alizoea kusema alizaliwa zama za rupia. Wengi wanaandika kwamba ni takriban 1910. Kauli ile ya rupia hunukuliwa kama ushahidi wa umri mkubwa ajabu, na wanaoinukuu mara nyingi wana picha ya Kenya kichwani, ambako rupia iliondoka mapema, mwaka 1920. Unguja iliendelea na rupia yake mpaka mwanzoni mwa 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kauli yake yenyewe, ukiichukua peke yake, inaacha mlango wazi wa robo karne. Sisemi kwamba 1910 si sahihi. Kuna sababu nyingine za kuukadiria hivyo. Nasema kwamba ukurasa unaoandika "takriban 1910" na kueleza kwa nini ni takriban una thamani kuliko ule unaompa siku na mwezi. Mtu wa kizazi kile, aliyezaliwa shamba, akiandikiwa tarehe kamili bila chanzo, naanza kuitilia shaka makala yote. Nikikuta 1 Januari, shaka inaongezeka. Siku hiyo huandikwa sana na makarani wanaohitaji kujaza nafasi.

Kuhusu Siti binti Saad, mwimbaji mwingine wa taarab, nina kipimo kingine kabisa. Yeye alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaingia mjini akiwa mtu mzima, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri za kampuni ya HMV. Alifariki Julai 1950. Bahati yake ni kwamba aliandikiwa wasifu kwa Kiswahili na mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama zake, Shaaban Robert. Wachache wa rika lake, wanaume kwa wanawake, walipata bahati hiyo. Na hapo ndipo penye mtego. Shaaban Robert aliandika kama Shaaban Robert: alitaka msomaji atoke na maadili, na Siti wake ni kielelezo cha kuigwa. Wasifu wa mtandaoni unaotegemea kitabu kile peke yake utakuwa na tanbihi safi kabisa, na bado utakuwa umeikopa sauti ya sifa bila kujua. Chanzo kinaheshimiwa, lakini kinasomwa kwa kujua kiliandikwa kufanya kazi gani.

Kipimo chenyewe nilichokitaja ni hiki: je, wenzake wamo? Siti hakuimba peke yake. Alikuwa na Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Kilikuwa kikundi, chenye wapigaji ala na watunzi, na sauti yake ilipanda juu ya kazi yao. Wasifu unaomwonyesha akishuka kutoka mbinguni na udi mkononi umekosea hata kama tarehe zote ni sahihi. Ukiona maisha ya mtu yamejaa vitendo vyake na hakuna jina la mtu mwingine hata mmoja zaidi ya wazazi na mwenza, ujue aliyeandika alikuwa anajenga sanamu. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa wanamuziki, kwa wanasiasa, kwa wanasayansi, na kwa wachezaji wa mpira zaidi ya wote.

Watu walio hai nitawapitia haraka, maana ugonjwa wao ni mmoja. Wasanii, wachungaji, wajasiriamali na wanasiasa wachanga hujiandikia wenyewe, au huandikiwa na meneja. Dalili ni sifa: mahiri, mwenye kipaji cha pekee, aliyejizolea umaarufu ndani na nje ya nchi. Futa sifa zote akilini uone kilichobaki. Mara nyingi hubaki jina, mwaka wa kuzaliwa na viungo vya mitandao ya kijamii. Upande wa pili kuna ukurasa ulioandikwa na adui, ambapo maisha ya miaka hamsini yamepewa mistari mitatu na kashfa ya wiki mbili imepewa aya nne. Uongo unaweza usiwemo, ila uwiano wenyewe ndio unaosema uongo.

Kisha kuna ukurasa usiokuwepo. Tarehe 2 Oktoba 2018 Donna Strickland wa Kanada alitangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, na watu walipokwenda kumtafuta kwenye Wikipedia ya Kiingereza hawakumkuta. Mtu alishajaribu kumwandika mapema mwaka huohuo, na rasimu ikakataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Mwaka 2014 wanawake walikuwa chini ya asilimia 16 ya watu wote wenye wasifu katika lugha hiyo; leo ni karibu asilimia 20, baada ya kazi kubwa ya wahariri waliojipanga kwa ajili hiyo. Kanuni ya vyanzo si mbaya, nami naitetea mpaka kesho. Lakini vyanzo vyenyewe viliandikwa na watu, na watu hao walichagua nani wa kuhojiwa. Kwetu mambo ni mazito zaidi. Malenga wa Pemba ambaye tungo zake zinaimbwa harusini hana makala ya gazeti ya kuwekwa kwenye tanbihi, na mchezaji wa akiba aliyecheza dakika kumi Ulaya anazo ishirini.

Tuzo kubwa pia hubadilisha ukurasa kwa usiku mmoja. Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi tarehe 7 Oktoba 2021, Watanzania wengi walikuwa hawajawahi kushika kitabu chake, na ghafla kila mtu akawa na neno la kusema kuhusu ni wa nani. Mtanzania? Mzanzibari? Mwingereza? Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, wakati ambapo hakukuwa na nchi iitwayo Tanzania. Hiyo ilikuja mwaka 1964. Aliondoka akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuweza kurudi mpaka 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla baba hajafariki. Wasifu unaomwandika "Mtanzania" kwa neno moja kwenye kisanduku cha muhtasari pembeni mwa makala, na kupita, umejikata mguu, kwa kuwa riwaya zake zinaishi ndani ya utata huohuo. Kwa mtu wa namna hii napenda kurudi kwenye historia nifungue ukurasa ulivyokuwa wiki moja kabla ya tuzo. Huo ndio unaokuonyesha wahariri walimjali kiasi gani pale ambapo hakuna aliyekuwa anatazama.

Jambo jingine linahusu sisi hasa, tunaoandika kwa Kiswahili. Kurasa zetu nyingi zimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na hakuna ubaya katika hilo. Miaka ya 2009 na 2010 Google iliendesha mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania; makala zikaongezeka, zawadi zikatolewa, na washiriki wengi hawakuonekana tena. Urithi wa kuandika kwa haraka tunao mpaka leo, na sasa mashine za kutafsiri zimeuongezea kasi. Kasoro ninayoikuta sana ni tanbihi za kurithi: makala ya Kiswahili ina vyanzo ishirini, vyote vya Kiingereza, na aliyeitafsiri hakufungua hata kimoja. Kiungo kimekufa tangu zamani, au kitabu kinatajwa ukurasa ambao hauzungumzii jambo hilo. Ili kujua, huhitaji kukagua vyote ishirini. Chagua dai moja lenye ubishi na dai moja la kawaida, ufuate tanbihi zake mpaka mwisho. Zikishikilia zote mbili, naiamini makala kwa kiasi. Ikivunjika ya lile la kawaida, naifunga, maana aliyeshindwa kuangalia jambo jepesi hakuangalia lile gumu. Na pale ambapo kuna chanzo cha Kiswahili kinachojulikana na hakikutumika, kama kitabu cha Shaaban Robert kwa Siti, najua aliyeandika hakuwahi kumtafuta Siti. Alikuwa anamaliza makala.

Wazazi na walimu huniuliza kama mwanafunzi aruhusiwe kunukuu Wikipedia. Jibu langu ni kwamba asiinukuu, aitumie kupata njia. Afungue tanbihi, aende kwenye kitabu, akikosa kitabu aende kwenye maktaba iliyo nacho, na anukuu alichokisoma kwa macho yake. Akikuta tanbihi haifunguki, au ukurasa uliotajwa hausemi kilichodaiwa, aandike hivyo kwenye majadiliano ya makala, kwa sentensi mbili, ataje dai lenyewe na alichokuta. Kichupo kipo juu, pembeni ya neno Makala, na kwa kawaida si lazima kujiandikisha ili kuandika pale.